Mstari wa Manjano na Mdundo wa Nganya

Kuanzia Februari 2004, kila matatu nchini Kenya ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano usiokatika, upana wa milimita 150, mbavuni na nyuma. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alitaka kuokoa maisha ya abiria. Sheria zake ndizo zilizoleta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hapo alifanya jema. Lakini michoro mingi ya matatu ilifutwa, na mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ikapoteza mdundo uliochukua miaka kujengwa.

Mdundo nasema, kwa sababu jicho nalo husikia mapigo. Rudia umbo mara tatu, mara nne, kisha likatize ghafla: jicho litashtuka na kutafuta linalofuata. Mstari usiokatika hauna pigo.

Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, uzuri haukuwa hoja. Nyingi zilikuwa pikapu kuukuu. Miaka ya tisini ndiyo iliyoleta manyanga, yaani matatu zilizopambwa, na muziki wa hip-hop ukahama kutoka kwenye spika hadi kwenye bodi. Magari ya Buruburu, namba 58, yakawa yanangojewa na vijana waliokuwa tayari kuyaacha mengine mawili yapite.

Mchoraji wa nganya, kama matatu hizo zilizopambwa zinavyoitwa pia, huanza na mapigo aliyopewa na fundi wa bodi: madirisha yanayolingana, yamepangwa kwa safu. Akiyafuata tu, gari litachosha macho. Kwa hiyo hubandika tepu na kupuliza miale myembamba karibu na gurudumu la mbele, inayonenepa kadiri inavyorudi nyuma. Herufi huzilaza, na nafasi kati yake hazilingani. Mwishoni, penye kioo cha nyuma, huweka uso mkubwa wa mwanamuziki au mchezaji mpira. Ni mpango ule ule wa kanga: pindo la pembeni linarudia, mji wa katikati unatulia. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Barabara ya Jogoo ana sekunde chache tu, gari likiwa mbioni. Umbo dogo linalorudiwa mara nyingi humpotea. Ndiyo maana naamini kazi hii ni ngumu kuliko kuchora ukuta, na inastahili kufundishwa katika vyuo vya sanaa.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwafungulia wachoraji njia, akisema sanaa hiyo ni ajira ya vijana. Novemba 2018 msako wa sheria za Michuki ulifufuliwa, na mafundi wakashika tena brashi za manjano.

Wachoraji ninaowaheshimu zaidi hawaufichi mstari huo. Wanaufanya besi: manjano yanapita chini ya madirisha bila kukoma, kama sheria inavyotaka, na juu yake nyekundu na bluu zinaingia kwa kukatiza, pigo refu, mawili mafupi, kisha nafasi.