Kabati Lililosahauliwa Kufungwa

Katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome, yalikuwapo majumba makubwa ya kupangisha yaliyoanza kujengwa katika miaka ya 1880, ambayo, fedha zilipowaishia wajenzi, yalibaki nusu magofu, yakawa makao ya mafukara na ya watu waliokuwa wakiikimbia sheria; hata kampuni moja ilipoyakarabati na kuwaingiza humo watu wa kazi pamoja na jamaa zao, ikatambua kwamba watoto walioachwa peke yao mchana kutwa, wazazi wakitafuta riziki, walikuwa wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Ikapigwa hesabu, ikaonekana kuwa fedha za kutengeneza uharibifu ule zingetosha kuwaweka watoto chumba kimoja chini ya mwangalizi. Ndivyo ilivyofunguliwa, tarehe 6 Januari 1907, Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, akakabidhiwa Bibi Maria Montessori, tabibu aliyehitimu mwaka 1896, ambaye alikwisha kuwafundisha watoto wenye upungufu wa akili kwa kufuata kazi za Wafaransa wawili, Itard na Séguin.

Watoto walikuwa takribani 50, na siku ya kwanza waliingia wakilia. Madawati hayakuwapo, chumba kilitiwa meza, viti, na kabati moja kubwa, zito, ambalo ufunguo wake aliushika mwalimu, mwanamke asiyesomea kazi ile, naye ndiye aliyewagawia watoto vifaa na kuvikusanya.

Siku moja Bibi Montessori alimtazama binti wa miaka kama mitatu akivitoa vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake na kuvirudisha, kila kimoja mahali pake. Akaamuru wenzake waimbe na kumzunguka; binti hakuinua uso. Akamnyanyua na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akaupakata ubao wake upesi, akaendelea, hata akapita mara 40, ndipo alipoacha mwenyewe, uso umekunjuka kama wa mtu aliyeamka katika usingizi mwema. Fadhila kubwa ya bibi yule, kwa maoni yangu, ni kwamba alistahamili kunyamaza na kuhesabu, pale ambapo wengi wetu tungelisema, “Basi mwanangu, imetosha.”

Hata asubuhi moja mwalimu akachelewa, naye jana yake alikuwa amesahau kulifunga kabati. Alipofika aliwakuta watoto wamekwisha kulifungua, wengine wamesimama wakitazama, wengine wanachukua walivyovitaka na kwenda navyo kazini. Mwalimu aliona huo ni wizi unaostahili adhabu. Bibi Montessori akafahamu kuwa watoto wamevijua vitu vile kiasi cha kuweza kuvichagua kwa hiari yao. Kabati refu likaachwa, yakatengenezwa mafupi yasiyo na kufuli.

Habari zilienea haraka, zikavuka bahari. Lakini katika miaka ya 1930 serikali ya Mussolini ilizifunga shule za Bibi Montessori nchini Italia. Mwenyewe alikaa Uhindi tangu 1939 hadi 1946 akifundisha walimu, akafariki Uholanzi mwaka 1952. Anayeingia leo katika shule ya namna hiyo, nchi yoyote iwayo, huyakuta makabati yale kando ya ukuta, wazi, rafu zake zikifikiwa na mkono wa mtoto wa miaka mitatu.