Saa ya kuzamia ya bei nafuu: chagua kinga ya maji kabla ya jina

Maandishi ya “Water Resistant 30M” mgongoni mwa saa yamewaponza wengi. Mtu huyasoma akadhani anaweza kushuka nayo mita 30 chini ya bahari. Sivyo. Saa hiyo hustahimili manyunyu ya mvua na kutia udhu, basi. Ya mita 50 huvumilia kuogelea kidogo. Ya mita 100 yafaa kwa kuogelea na kutazama matumbawe ukiwa juu juu. Anayezama na mtungi wa hewa atafute ya mita 200, hata kama mzamiaji wa kujifurahisha hashuki zaidi ya mita 40. Nambari hiyo hupatikana kwa kuipima saa ingali mpya. Mipira inayozuia maji huchakaa kadiri miaka inavyopita, na akiba ile ndiyo inayokulinda.

Mwongozo huu ni wa saa za otomatiki, yaani zisizotumia betri, kwa bei isiyozidi takriban shilingi 65,000.

Saa ya kuzamia hasa ni ipi?

Kiwango cha kimataifa kinachotumika ni ISO 6425. Kila saa inayotimiza kiwango hicho hupimwa moja moja ndani ya maji, kwa shinikizo linalozidi kwa asilimia 25 lile lililoandikwa. Lazima isomeke gizani, ivumilie maji ya chumvi na kishindo. Alama yake ni neno “Diver’s” mbele ya nambari, kama “Diver’s 200m”. Penye “Water Resistant 200m” peke yake, huenda saa ni imara, lakini haijaahidi kipimo hicho.

Pete ya juu yenye dakika si pambo. Mzamiaji huilinganisha na akrabu ya dakika anaposhuka, kisha husoma muda aliokaa chini. Ndiyo maana huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa akrabu. Ikigongwa na mwamba ikasogea, itaonyesha umekaa zaidi ya ulivyokaa, nawe utapanda mapema ungali na hewa. Pete inayozunguka pande zote ingeweza kukudanganya kwamba muda ungalipo. Wazamiaji wengi siku hizi hutegemea kompyuta ya kuzamia, na saa hubaki ya akiba. Lakini akiba isiyoaminika haina maana.

Mashine ya ndani

Saa ya otomatiki ina kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea na kuikaza springi. Ukiivua, nyingi za bei hii husimama baada ya saa 40 hivi. Mashine ya NH35 ya Seiko, iliyoenea mno, inaruhusiwa kupoteza sekunde 20 au kuzidisha sekunde 40 kwa siku. Kwa hiyo saa mpya inayokwenda mbele dakika moja kwa wiki si mbovu. Anayetaka usahihi wa sekunde anunue ya betri. Ni sahihi zaidi na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Majina makubwa

Seiko ilitoa saa yake ya kwanza ya kuzamia mwaka 1965. SKX007 iliyopendwa sana ilianza 1996 na kusimamishwa 2019. Hapa pana mtego: Seiko 5 Sports zilizotoka mwaka huo zinafanana nayo kwa sura, lakini zile za kwanza ni za mita 100 na kifundo chao cha kando hakifungwi kwa hesi. Ni saa nzuri za kuvaa, si za mtungi. Za kuzamia za Seiko zimo katika kundi la Prospex, kama ile iitwayo Turtle.

Citizen ina Promaster NY0040, ya mita 200 yenye alama ya “Diver’s”, kifundo chake kikiwa upande wa kushoto ili kisikuchome mkono. Orient Kamasu ni ya mita 200, ina kioo cha yakuti kisichochubuka upesi, ila haina alama hiyo.

Makampuni madogo

San Martin ya China na Zelos ya Singapore hutoa saa zenye vioo vya yakuti na umaliziaji mzuri kwa bei yake. Nyingi huendeshwa na mashine za Seiko, au za Miyota ambayo ni ya Citizen. Hilo ni faida kwetu: mashine ikifa, fundi anaweza kuagiza nyingine nzima na kuibadilisha. Epuka saa ambayo muuzaji hasemi ndani mna mashine gani. Ukiagiza nje, hesabu pia ushuru na VAT ya asilimia 16.

Dukani na baada yake

Zungusha pete: igome upande mmoja. Fungua kifundo na ukifunge tena: hesi ishike bila kuteleza. Ingia mahali penye kiza uone kama akrabu zinang’aa.

Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi. Usifungue kifundo ikiwa na maji. Usiogee nayo maji ya moto. Usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno ya ndani huumia. Na fundi akishafungua mgongo wake, au ukinunua iliyotumika, ihesabu kuwa haina kinga mpaka mipira ibadilishwe na ipimwe kwa mashine ya shinikizo.

Basi, anayezama kwa kazi achukue Promaster au Prospex. Anayeogelea na kwenda nayo ofisini, Kamasu yamtosha. Anayejua kukagua anaweza kupata faida kwa makampuni madogo. Saa ya bei ndogo yenye jina kubwa la bandia, hiyo muachie aliyeitengeneza.