Kubadilisha jokofu la gari-nyumba

Kubadilisha jokofu la gari-nyumba ni kazi ya kuondoa jokofu la gesi lililofungwa na kiwanda ndani ya gari-nyumba na kuweka mahali pake jokofu la kawaida la nyumbani linalotumia umeme. Gari-nyumba ni gari kubwa lililojengewa ndani vitanda, jiko, choo na matanki ya maji ili watu waweze kusafiri na kuishi humo. Kazi hii hufanyika hasa nchini Marekani na Kanada, ambako magari hayo ni mengi na nafasi ya jokofu ndani yake ni kubwa.

Kwa mtazamo wa kwanza ni kazi ya kupima nafasi na kufunga skrubu. Lakini jokofu la gesi na jokofu la nyumbani hupoza kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo anayebadilisha jokofu hubadilisha pia chanzo cha nishati ya gari. Mabadiliko hayo yakifanywa bila hesabu ya umeme, betri huisha usiku na chakula huharibika. Yakifanywa bila kufunga vizuri bomba la gesi, yanaweza kusababisha moto.

## Historia

Majokofu mengi ya magari-nyumba ni ya aina ya ufyonzaji. Mfaransa Ferdinand Carré alitengeneza mashine ya kupozea kwa amonia na maji mnamo mwaka 1859. Mwaka 1922 Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi wa uhandisi mjini Stockholm, walibuni jokofu la ufyonzaji lisilo na pampu wala sehemu yoyote inayozunguka. Kampuni ya Electrolux ilinunua haki za uvumbuzi huo na kuanza kutengeneza majokofu hayo mwaka 1925.

Kwa kuwa lilihitaji joto tu, jokofu hilo lilifaa mahali pasipo na umeme. Lingeweza kuwashwa kwa gesi au kwa mafuta ya taa. Majokofu ya mafuta ya taa ya aina hiyo yalitumika kwa miaka mingi kuhifadhi chanjo katika zahanati za vijijini, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyohiyo yalichaguliwa kwa magari-nyumba, ambayo tayari yalibeba mitungi ya gesi ya propani kwa ajili ya jiko na kupasha maji moto.

Kuanzia miaka ya 2010 viwanda vingi vya Marekani vilianza kuuza magari-nyumba makubwa yakiwa na jokofu la nyumbani tangu mwanzo. Wenye magari ya zamani wakaiga mpango huo kwa kubadilisha majokofu yao.

## Tofauti ya majokofu hayo mawili

### Jokofu la ufyonzaji

Ndani ya jokofu hili kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa kabisa, yenye maji, amonia na hidrojeni. Mwali wa gesi au kipasha joto cha umeme huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huingia katika sehemu yenye hidrojeni. Hapo hugeuka tena kuwa mvuke na kuchukua joto la chakula. Mwishowe hufyonzwa na maji na kurudi ilikoanzia.

Mzunguko huo huendeshwa na mvutano wa dunia, kwa hiyo jokofu ni lazima lisimame karibu sawa. Gari likiegeshwa kwenye mteremko kwa saa nyingi huku jokofu likiwaka, kimiminika hukwama katika mabomba, kichemshio hupata joto kupita kiasi na mabomba huweza kuharibika. Wakati gari linatembea hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu mtikisiko hukisukuma kimiminika huku na huku.

Faida yake kubwa ni kutumia umeme kidogo sana linapowaka kwa gesi: umeme wa volti 12 huhitajika tu kwa vifaa vya kuliongoza. Udhaifu wake ni kwamba hupoa polepole, huchukua saa nyingi kufikia baridi inayotakiwa, na hushindwa kwa urahisi siku za joto kali.

### Jokofu la nyumbani

Jokofu la nyumbani lina kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na mota ya umeme. Kompresa hukandamiza gesi ya kupozea, ambayo katika majokofu mapya mara nyingi ni isobutani. Jokofu hili hupoa haraka, halisumbuliwi sana na mteremko mdogo, na hudumisha baridi hata joto la nje likipanda. Tena kwa bei ileile au ya chini hutoa nafasi kubwa zaidi: mahali palipokuwa na jokofu la ufyonzaji la lita 340 mara nyingi huweza kuingia jokofu la nyumbani la lita 500 hivi, baada ya kurekebisha kabati kidogo.

Lakini linahitaji umeme wa nyumbani, ambao Amerika Kaskazini ni volti 120, kwa saa zote 24.

## Sababu za kubadilisha

Sababu ya kwanza ni gharama. Kitengo cha kupozea cha jokofu la ufyonzaji kikivuja hakitengenezwi kwa urahisi, na jokofu jipya kubwa la aina hiyo huwa ghali kuliko la nyumbani.

Sababu ya pili ni usalama. Bomba la kichemshio likipata ufa, amonia na hidrojeni huvuja, na hidrojeni hushika moto upesi. Mwaka 2006 kampuni ya Dometic ilitangaza nchini Marekani marekebisho ya usalama kwa majokofu zaidi ya 900,000 kwa sababu ya uwezekano wa ufa wa namna hiyo. Mwaka 2010 kampuni ya Norcold nayo ilitangaza marekebisho kwa majokofu yake ya modeli ya 1200.

Sababu ya tatu ni ubora wa baridi. Maziwa, nyama na samaki vinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, kiwango ambacho jokofu la ufyonzaji hupata shida kukidumisha katika jua kali.

## Hesabu ya umeme

Gari likiwa limeunganishwa na umeme wa kambi, au jenereta ikiwa inafanya kazi, jokofu la nyumbani halina tatizo. Likiwa barabarani au limeegeshwa porini, umeme hutoka kwenye betri za volti 12 kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120. Inveta inayofaa ni ile inayotoa wimbi safi kama la umeme wa nyumbani. Inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi huweza kuichemsha mota ya kompresa au kuharibu saketi za jokofu.

Mfano ufuatao unaonyesha namna ya kukadiria:

* Jokofu linatumia kilowati-saa 1.2 kwa siku.
* Upotevu ndani ya inveta ukiwa asilimia 12 hivi, betri hutoa kilowati-saa 1.36.
* Inveta yenyewe ikitumia wati 15 kwa kukaa ikiwa imewashwa, huongeza kilowati-saa 0.36 kwa siku.
* Jumla ni kilowati-saa 1.72, sawa na takriban ampea-saa 145 za betri ya volti 12.

Betri za risasi na asidi hudumu zaidi zisipotumiwa kupita nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo jokofu hilo peke yake linahitaji betri zenye ampea-saa 290 hivi kwa siku moja bila kuchaji. Betri nne za volti 6 za aina inayotumika katika vigari vya gofu, kila moja ikiwa na ampea-saa 220, zikiunganishwa mbilimbili hutoa ampea-saa 440 kwa volti 12. Zinatosha kwa jokofu, na hubaki akiba ya taa na pampu ya maji. Betri za lithiamu huweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo ampea-saa 200 hukaribia kutoa huduma ileile ya jokofu.

Kurudisha umeme huo kwa paneli za jua peke yake, mahali penye saa 5 za jua zuri na upotevu wa robo, huhitaji paneli za wati 450 hadi 500. Siku za mawingu bado huhitaji jenereta au kuchaji kwa injini ya gari.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama mabadiliko yanafaa. Msafiri anayelala kila usiku kwenye kambi yenye umeme haitaji zaidi ya betri za wastani za kumvusha safari ya mchana. Anayekaa porini kwa wiki nzima bila paneli wala jenereta huenda akafaidika zaidi na jokofu la gesi, kwa kuwa mtungi mmoja wa kilo 9 huweza kuliendesha kwa zaidi ya wiki mbili.

## Hatua za kazi

Kupima. Hupimwa upana, kimo na kina cha kabati, pamoja na njia ya kuingizia. Mlango wa gari-nyumba mara nyingi ni mwembamba kuliko jokofu. Mafundi hung'oa milango ya jokofu kwanza, na pengine hulazimika kulipitisha kwenye nafasi ya dirisha au ya kioo cha mbele.

Kufunga gesi. Mtungi hufungwa na umeme wote hukatwa. Bomba la gesi likishaachanishwa na jokofu, ncha yake huzibwa kwa kizibo cha shaba cha skrubu kinacholingana nalo. Valvu peke yake haitoshi, wala utepe. Kisha gesi hufunguliwa na kiungo hupakwa maji ya sabuni. Mapovu yakitokea, gesi inavuja.

Kuondoa jokofu la zamani. Mabomba yake hayatobolewi. Yana amonia yenye shinikizo, na mengi yana pia kemikali ya kromati ya kuzuia kutu, ambayo ni sumu.

Kuziba matundu ya hewa. Jokofu la gesi lina tundu ukutani na jingine kwenye paa ili joto na moshi wa mwali vitoke nje. Jokofu jipya halihitaji hewa ya nje. Matundu huzibwa na kuwekewa kihami joto, yasije yakapitisha mvua, vumbi na wadudu. Hata hivyo huachwa nafasi ya hewa kuzunguka jokofu kama maelekezo yake yanavyosema.

Kuweka umeme. Waya wa zamani wa volti 12 ni mwembamba mno kwa inveta. Inveta hufungwa karibu na betri, kwa waya nene na fyuzi iliyo karibu na betri. Ni lazima iweze kubeba umeme mwingi unaovutwa kompresa inapoanza, pamoja na kipasha joto cha kuyeyushia barafu.

Kukaza jokofu. Jokofu la nyumbani halikutengenezwa kwa mtikisiko wa barabara. Hushikizwa sakafuni na nyuma kwa vyuma vya pembe au mikanda. Skrubu haziingizwi ubavuni, kwa kuwa majokofu mengi yana mabomba ya gesi ndani ya kuta hizo. Milango huwekewa vifungo ili isifunguke kwenye kona. Jokofu likiwa lililazwa wakati wa kusafirishwa, husimamishwa kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi katika kompresa.

Nchini Marekani kazi ya gesi na umeme katika magari haya huongozwa na kiwango cha NFPA 1192 na kifungu cha 551 cha Kanuni ya Taifa ya Umeme. Asiye na ujuzi wa gesi humwachia fundi hatua hiyo.

## Njia nyingine

Wapo wanaobakiza kabati la jokofu la zamani na kubadilisha kitengo cha kupozea tu, kwa kufunga kingine cha ufyonzaji au cha kompresa. Wengine huchagua jokofu la kompresa linalotumia volti 12 moja kwa moja. Hilo huwa dogo na ghali kuliko la nyumbani, lakini halihitaji inveta, hivyo upotevu wa umeme hupungua na hakuna jokofu kuzimika kwa sababu ya inveta kuharibika.