Bwana Msa na Warithi Wake: Historia ya Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi ndefu ya kubuni inayohusu uhalifu uliofichika na mtu anayeufumbua kwa kukusanya dalili na kuzipambanua, ilichipuka Ulaya na Marekani katika karne ya 19, na ilipoingia katika Kiswahili iliwakuta wasomaji ambao tayari walikuwa wameonja raha ya kusoma kwa kujiburudisha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa limewazoesha wengi kungoja mwendelezo wa hadithi toleo hata toleo, na mwaka 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, zikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, ambazo zilisomwa shuleni na majumbani kwa miaka mingi. Tafsiri hizo zilifundisha taharuki, yaani ile hali ya msomaji kushikwa na hamu na wasiwasi wa kujua litakalofuata, lakini mashujaa wake walikuwa wageni, na Afrika ndani yake ilikuwa pori la kupitia tu.

Mabadiliko yalianza baada ya mwaka 1948, ilipoundwa East African Literature Bureau, idara ya serikali za Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi, iliyopewa kazi ya kuchapisha na kueneza vitabu kwa lugha za wenyeji. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na idara hiyo mwaka 1957 na 1958, tuzo ya kwanza ilikwenda kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, ambao ulichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960, na ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi kama mkaguzi wa afya, akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, na baadaye akashika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Si ajabu kwamba mtu aliyeishi kwa kazi ya kukagua na kuhariri alibuni mhusika ambaye kipaji chake kikubwa ni kuona walichokipita wengine.

Mhusika huyo ni Bwana Msa, mvuta kiko, mtulivu, asiye na cheo chochote cha polisi, ambaye huandamana na rafiki yake Najum, mwenye pupa ya kutoa majibu kabla swali halijakamilika. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba mfano wake umetoka kwa Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887, na kwamba Najum anashika nafasi ya Daktari Watson. Ni kweli, lakini wanaoishia hapo huacha nusu iliyo bora ya jambo. Holmes huusoma mji mkubwa ambao wakazi wake hawajuani, ambapo tope la viatuni linaweza kumtambulisha mtu. Bwana Msa anafanya kazi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, au anadhani anamjua. Kilichofichika kwake ni nasaba: mtoto aliyelelewa kwa jina lisilo lake, ndoa iliyofungwa kwa siri, urithi uliokwenda kwa asiyestahili. Kwa hiyo upelelezi wake mara nyingi huwa kazi ya kuketi barazani, kunywa kahawa, kuamkiana kwa heshima na wazee, kuuliza habari za watu wa nyumbani, kisha kupima nani amejibu kwa ukamilifu na nani amekatisha maneno. Adabu ya mazungumzo ya Kiunguja ndiyo chombo chake cha kazi, na hapo Abdulla hakumwiga mtu.

Jambo la pili lililo lake mwenyewe ni namna anavyoitumia hofu ya mambo ya ghaibu. Katika riwaya ya kwanza maiti hukutwa penye mzimu, mahali pa matambiko, na Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, kimebeba jina la Giningi, mji wa wachawi katika simulizi za Wazanzibari. Hofu hiyo huachwa itande, watu wakaitolea kila aina ya maelezo, mpaka Bwana Msa anapoonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu mwenye tamaa na sababu zake. Zilifuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Bara, kazi hiyo ilipokelewa na vijana wa mjini. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na ndani yake, kama jina linavyodokeza, simu na mwendo wa haraka wa jiji vimechukua nafasi ya baraza na kahawa. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, naye hakuwa tena mfumbuaji wa mafumbo ya familia, bali jasusi wa dola. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na msomaji aliyesikia habari za Msumbiji na Afrika Kusini redioni kila jioni alizikuta tena katika riwaya, safari hii akiwa na shujaa Mwafrika anayeshinda. Ben Mtobwa alifuata na mpelelezi wake Joram Kiango, kwa Kiswahili chepesi, chenye kasi.

Wasomaji wa vitabu hivyo hawakutoka hewani. Kampeni ya elimu ya watu wazima na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotiliwa mkazo na Azimio la Musoma la mwaka 1974, vilipunguza idadi ya wasiojua kusoma nchini Tanzania, kwa takwimu za serikali, kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Aliyekwisha kujua kusoma alihitaji kitu cha kusoma baada ya kijitabu cha kilimo bora, na riwaya nyembamba iliyouzwa kando ya barabara, ikapita mikono mingi mpaka jalada likachanika, ilimpa sababu ya kuendelea.

Wasomi waliziita kazi hizi fasihi pendwa, yaani maandishi yanayotungwa kwa ajili ya kufurahisha umma na kuuzwa kwa wingi, na wengi walizibeza. Lawama zao juu ya namna Musiba na wenzake walivyowachora wanawake kama mapambo au mitego zina haki, na hazipaswi kupunguzwa ukali. Lakini kubeza raha yenyewe ya kusoma lilikuwa kosa, maana shule ilimlazimisha msomaji kufungua kitabu, ilhali Bwana Msa na Willy Gamba walimfanya akitafute kwa fedha yake mwenyewe. Wachapishaji nao walipata pigo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara iliyomchapisha Abdulla ilivunjika nayo, na uhaba wa karatasi wa miaka ya 1980 ukazidi kuwabana wachapishaji.

Leo hadithi za Willy Gamba husomwa pia katika simu, zikiwa zimechapwa upya na wapenzi wake sehemu kwa sehemu, pengine na makosa ya herufi na aya zilizoruka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, inawatafuta waandishi wapya wa riwaya, na hilo ni jema. Kazi iliyobaki ni kuwapa wale wa zamani matoleo safi, yaliyohaririwa kwa uangalifu na kutiwa dibaji, yanayopatikana kwa bei ambayo mwanafunzi na fundi cherehani wataimudu.