Gitari ilivyopata wenyewe kwetu Katanga

Kuna wenye kusema gitari haina nafasi katika kitabu cha mila, sababu ni chombo cha kigeni. Sisi hatukubali. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka wa 1911 Union Minière ikayeyusha shaba yake ya kwanza, na makambi yakajaa watu wa makabila mengi. Mule kambini, ngoma ya kabila moja haikutosha tena kwa wote. Vijana walioshika gitari wa kwanza hawakungoja mwalimu.

Tumwangalie Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, mtu wa Bayeke. Yeye alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kinashika sauti za chini, kidole cha shahada kinaimba juu. Ukifunga macho unasikia kama ni watu wawili. Mzungu gani alimfundisha hivyo? Sisi tunaona mule ndani ujuzi wa wapigaji wa likembe, wenye kuzoea kugawa kazi kwa vidole. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Jadotville, njo Likasi ya leo, akarekodi wimbo wake Masanga. Baadaye Bosco na Edouard Masengo, ndugu yake, walifika mpaka Nairobi, na wapigaji wa kule wakafuata vidole vyao.

Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya barabarani, Zambia. Ile Masanga, wapigaji wangali wanaijaribu. Wimbo wanaujua, vidole njo vinakataa.