Wanorway Walipowanunua Waandishi Wao

Tarehe 4 Desemba 1879, maduka ya vitabu ya Copenhagen yalipokea tamthilia mpya ya Henrik Ibsen, Et dukkehjem, kisa cha Nora anayefunga mlango na kumwacha mumewe na watoto. Nakala 8,000 zilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Mwandishi Mnorway, mchapishaji Mdenmark, na wakati huo hakuna aliyeona ajabu.

Mchapishaji huyo ni shirika la Gyldendal. Søren Gyldendal alilianzisha mwaka 1770, na tangu 1787 makao yake yakawa Klareboderne, kichochoro cha katikati ya Copenhagen. Alipofariki mwaka 1802 hakuacha mtoto wa kiume. Biashara ikaangukia kwa mkwewe, Jacob Deichmann, mtu wa tahadhari. Hata hadithi za Hans Christian Andersen, ambazo leo dunia nzima inazijua, zilianza kutoka mwaka 1835 kwa mshindani wake, Reitzel.

Mambo yalibadilika mwaka 1850, aliposhika usukani Frederik Hegel, aliyekulia kazini humo humo. Hegel aliuona utajiri uliokuwa ng'ambo ya bahari. Denmark na Norway zilikaa chini ya mfalme mmoja kwa zaidi ya miaka 400, hadi 1814. Bendera zikatengana, lakini maandishi ya Kinorway yakabaki karibu sana na Kidenmark. Kitabu kilichopigwa chapa Copenhagen kilisomwa kote kuwili bila tafsiri. Kwa mwandishi wa nchi yenye wasomaji wachache, hiyo ilikuwa riziki.

Alianza na mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson, naye Bjørnson akamsihi amchukue Ibsen, aliyekuwa Italia, hohehahe. Tamthilia yake, Brand, ilitoka mwaka 1866, na kabla mwaka haujaisha ilichapwa mara nne. Tangu hapo Hegel akawa kwa Ibsen zaidi ya mchapishaji: alimtunzia fedha, akamwekezea, akamtumia alipopungukiwa. Ibsen aliishi ughaibuni miaka 27, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alimtegemea mtu huyo mmoja wa Klareboderne. Wakafuata Jonas Lie na Alexander Kielland. Hao ndio wanne ambao Wanorway huwaita wakuu, na wote wanne vitabu vyao vilikuwa mali ya kampuni ya nchi nyingine. Sidhani Hegel alikuwa na nia ya kumnyang'anya mtu. Alilipa vizuri na kwa wakati, jambo ambalo waandishi hawalisahau.

Lakini Norway ilipata uhuru kamili mwaka 1905, na hali hiyo ikaanza kuwasha. Mwaka 1925 mchapishaji Mnorway, Harald Grieg, akaongoza ununuzi: haki za wanne wale zikarudi Oslo, chini ya kampuni mpya, Gyldendal Norsk Forlag. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka mfukoni mwa mwandishi Knut Hamsun, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Wanorway waliupa ununuzi huo jina la neno moja tu: hjemkjøpet, kununua na kurudisha nyumbani.

Gyldendal ya Copenhagen haikufa kwa hilo. Mwaka 1937 ilitoa Den afrikanske Farm ya Karen Blixen, kumbukumbu za shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya. Shamba lenyewe lilishamshinda. Aliliacha mwaka 1931. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na kitongoji kinachoizunguka, Nairobi, kinaitwa Karen.