Daraja la Mnyonge Halikawii Kupanda Bei

Jumapili ya tarehe 19 Juni 1949, watu walifurika kwenye uwanja wa vumbi wa Charlotte, North Carolina, kutazama magari 33 yakikimbizana. Hayakuwa magari yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano. Yalikuwa magari ya nyumbani, ya kupelekea watoto kanisani. Bill France, mwanzilishi wa chama cha NASCAR kilichosajiliwa mwaka mmoja kabla, alitangaza sharti moja kubwa: gari lije lilivyotoka kiwandani, lisiguswe.

Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway, akiendesha Ford ya 1947 iliyokuwa mali ya Hubert Westmoreland. Wakaguzi wakaingia chini ya gari wakakuta springi za nyuma zimetiwa kabari ili ziwe ngumu. Ufundi huo ulijulikana sana milimani kwa wasafirisha gongo: gari likibeba shehena ya pombe halibonyei nyuma, polisi hawalishuku, na kwenye kona halilali. Dunaway akanyang'anywa ushindi. Akapewa Jim Roper wa Kansas, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko kadhaa na Lincoln yake, pamoja na dola 2,000. Westmoreland akakimbilia mahakamani kudai dola 10,000. Jaji akaifuta kesi, na tangu hapo ikajulikana kwamba mwenye uwanja ndiye mwenye kauli juu ya kilicho ndani ya gari.

Naanzia hapo kwa sababu ugomvi wa Charlotte haujaisha mpaka leo. Kila mwisho wa wiki, katika mamia ya viwanja vidogo vya Marekani, mafundi, madereva wa malori na wenye gereji za uani wanakimbiza magari yao kwa zawadi ambazo aghalabu hazirudishi hata pesa ya tairi. Viwanja hivyo hugawa magari kwa madaraja, na ukiyafuatilia utagundua kwamba karibu kila moja lilianzishwa ili mtu wa kipato kidogo apate mahali pa kushindana. Halafu pesa zikaingia.

Mwaka 1948 NASCAR ilikuwa na daraja moja tu lililofanya kazi, la magari yaliyofanyiwa marekebisho. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha juzi, magari mapya yalikuwa adimu, na nani angevunja gari jipya mbele ya mtu anayelisubiri dukani miezi kadhaa? Kwa hiyo watu wakaokota Ford kuukuu za miaka ya 1930 kwenye majalala ya vyuma. Bodi ilikuwa ya bei ya bure. Gharama ilikuwa kwenye injini, na mwenye fundi hodari alimwacha mwenzake mbali. Ndipo, kufikia 1950, likaja daraja la Sportsman: magari yale yale makuukuu, lakini injini zikawekewa mipaka. Hilo ndilo lilikuwa daraja la mtu anayeamkia kazini Jumatatu.

Wendell Scott wa Danville, Virginia, aliingilia mlango huo. Alikuwa Mweusi, fundi wa magari aliyewahi kuendesha teksi na kusafirisha gongo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva Mweusi ili kuvuta watazamaji. Wakaenda kuwauliza polisi ni nani anayewatoa jasho barabarani usiku, na polisi wakamtaja yeye. Kuna viwanja vilivyomfungia lango kwa rangi yake. Hata hivyo, mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa Sportsman wa jimbo la Virginia, kwa magari aliyoyatengeneza kwa mikono yake.

Alipopanda hadi ligi kuu mwaka 1961, ndipo alipouona ukuta wa pili, wa pesa. Wenzake walikuwa na viwanda nyuma yao. Yeye alikuwa na wanawe na spea za mtumba. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, alishinda kwa Chevrolet ya 1962 aliyoinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Bendera ya ushindi akapungiwa Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwenda zao, waandaaji walikiri kwamba Scott ndiye mshindi. Mwaka 1973, kwenye ajali kubwa ya Talladega, aliumia vibaya na gari lake aina ya Mercury, alilojikamua kulinunua, likaharibika. Baada ya hapo kazi yake ya mbio haikudumu. Kombe la Jacksonville lilikabidhiwa kwa familia yake Agosti 2021, yeye akiwa amefariki karibu miaka 31 kabla.

Na lile daraja lililomlea? Mwaka 1968 liliitwa Late Model Sportsman, magari yakawa ya kisasa zaidi. Mwaka 1982 likageuzwa mashindano ya taifa zima, na sasa ndilo la pili kwa ukubwa katika NASCAR, lenye timu zenye wahandisi, malori ya mizigo na wadhamini. Fundi wa uani ambaye mwaka 1955 angeweza kulichezea, leo anakata tiketi na kukaa jukwaani.

Viwanja vidogo vikalazimika kuanzisha daraja jingine chini yake, kisha jingine chini ya hilo. Ndiyo maana orodha ya madaraja ya uwanja mmoja humchanganya mgeni. Juu kabisa yapo magari ya Late Model, ambayo kiunzi chake ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa karakana na bodi ni ganda tu. Yanafuata Modified, Sportsman, Street Stock, na mwisho vigari vya silinda nne ambavyo kijana anaweza kuvinunua kwa mtu aliyechoka navyo, avivue viti na vioo, alehemu mabomba ya kumkinga kichwa, aingie uwanjani.

Gharama hupandaje katika daraja lenye sheria kali? Hupanda kupitia kile ambacho sheria haikukitaja. Kanuni inasema kabureta iwe ya matundu mawili, na mkaguzi anaipima kwa kigeji. Mwenye pesa hana haja ya kuigusa. Atanunua kabureta kumi, azipime zote kwenye mashine, afunge ile moja inayopumua vizuri kuliko nyingine. Hajavunja sheria yoyote, ila jirani yake mwenye kabureta moja ameshashindwa kabla ya kuwasha gari. Tairi nazo ni vivyo hivyo. Tairi mpya hushika lami vizuri kwa mizunguko michache ya mwanzo, hivyo anayebadilisha kila Jumamosi humpita anayezimalizia mwezi mzima. Viwanja vingi vimelazimika kuzitia alama na kuhesabu ngapi mpya zinaruhusiwa kwa wiki.

Mwaka 1979, huko Vinton, Iowa, Keith Knaack, aliyekuwa amekichukua chama kikongwe cha mbio za magari cha IMCA, alianzisha daraja lake la Modified kwa kanuni ambayo naiona ya kijanja kuliko zote: kunyang'anyana injini kwa bei iliyopangwa. Ukishinda, mshindani uliyemshinda anaweza kukuwekea kiasi hicho cha pesa mezani na kuichukua injini yako usiku ule ule. Ukikataa, unapoteza zawadi na pointi. Nani atatia maelfu ya dola kwenye injini itakayoondoka kwa mia chache? Kanuni ilizua ugomvi, na marafiki walikubaliana kutonyang'anyana, lakini daraja hilo lilienea nchi nzima. Hata hivyo lilipanda bei pia, na IMCA yenyewe ikaanzisha SportMod chini yake.

Dawa ya siku hizi ni injini inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa bolti maalumu. Ya General Motors iitwayo 602 ina nguvu za farasi 350, haifunguliwi, na bei yake ni sehemu ndogo ya injini ya Late Model iliyosukwa na fundi bingwa. Wajanja wakaanza kughushi bolti. Kabari za Westmoreland zimepata wajukuu.

Bowman Gray, uwanja wa manispaa ya Winston-Salem wenye njia ya lami ya mita 400 iliyozunguka kiwanja cha mpira, umeendesha mbio za madaraja kama haya kila kiangazi tangu 1949, isipokuwa msimu wa korona. Madaraja yake ni manne, na ukikaa pale usiku mmoja utaona mapato ya watu yakipita mbele yako kwa zamu: trela zilizofunikwa za Modified, kisha vigari vya silinda nne vilivyokuja vikivutwa kwa kamba.

Sisi Afrika Mashariki tuliwahi kulitazama jambo hili kwa jicho kavu. Mbio za kwanza za magari za Safari, zile za 1953, ziligawa magari kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, na hazikutangaza mshindi wa jumla. Utaratibu huo uliachwa. Wanaoandaa mbio za viwanjani Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wangefanya vyema kuandika bei ya juu kabisa ya injini katika ukurasa wa kwanza wa kanuni, na pembeni yake haki ya kuinunua injini ya mshindi kwa bei hiyo hiyo.